Msafiri wa Kitabuni Ana Gari: Uhakiki wa Somo la "Mgeni Mjini"

Utangulizi

Mwaka jana mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu alirejea kutoka Dar es Salaam, alikokaa mwezi mzima kwa jamaa zake. Tulimuuliza, kama walimu wote wanavyouliza, Kiswahili chake kilimfaa vipi huko. Akajibu kwa aibu kidogo: "Mwalimu, mlitufundisha kupanda basi. Hamkutufundisha kushuka." Darasa zima likacheka. Sisi pia tulicheka, lakini neno lile lilitukaa moyoni hata baada ya mitihani.

Likizo ya Desemba ilipofika tuliamua kwenda kujionea wenyewe. Shahada yetu ya uzamili tuliisomea Kenya, kwa hiyo Dar es Salaam tulikuwa tukiijua kwa kuisoma tu. Safari hii hatukualikwa na mtu, hatukuwa na semina, hatukuwa na mwenyeji, na wala hatukuwa na gari. Msomaji atatuwia radhi kwa kusema "sisi" ilhali tulikuwa mtu mmoja na begi moja. Ndiyo desturi ya maandishi yetu ya kitaaluma, na tutaona hapa chini kwamba hata makonda wa Dar es Salaam wana desturi inayofanana nayo.

Makala haya, hata hivyo, si habari za matembezi. Ni uhakiki wa somo la "Mgeni Mjini" lililomo katika kijitabu ambacho idara yetu imekuwa ikikitumia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tunalihakiki bila woga kwa sababu miongoni mwa walioliandika tumo sisi wenyewe. Hoja yetu ni moja: msafiri wa somo hili ana gari, na kwa kuwa ana gari, Kiswahili chake ni cha kuamuru. Msafiri asiye na gari anahitaji Kiswahili cha kuomba na cha kuitikia, na hicho hatujakifundisha.

Somo lenyewe

Wale waliolifundisha wanalikumbuka. Bwana Mukasa anawasili mjini. Dereva anamngoja. Bwana Mukasa anasema: "Chukua mzigo huu. Nipeleke hotelini. Simama hapa. Ningoje." Hotelini anamwambia mhudumu: "Lete chakula. Ongeza chai." Jioni rafiki yake anamfuata kwa gari na kumzungusha mjini. Maswali ya ufahamu yanafuata, kisha zoezi la kugeuza amri kutoka umoja kwenda wingi.

Kisarufi somo halina kosa. Upatanisho wa ngeli ni sahihi, na tahajia pia. Tatizo liko katika mambo ambayo somo limeyaondoa ili liwe safi. Kwanza, limeondoa kelele: kila mtu huongea kwa zamu na sentensi zote ni kamili. Pili, limeondoa upotevu: Bwana Mukasa hapotei hata mara moja, kwa hiyo hana sababu ya kumuuliza mtu asiyemjua. Tatu, limeondoa upweke: kuna dereva, mhudumu na rafiki, wote wako tayari kumsikiliza. Ukimpa mwanafunzi mji wa namna hiyo, umempa mji usiokuwapo.

Tulishangaa, tulipolisoma tena ndani ya basi la kwenda Dar, kuona jinsi gari lilivyokuwa kiini cha yote hayo. Mwenye gari haulizi njia, anaelekeza. Hasikii majina ya vituo, kwa kuwa havishuki. Hukutana na watu wawili au watatu, na wote anawalipa. Lugha anayoihitaji ni ndogo sana, na ndiyo hiyo hiyo tuliyoiandika.

Kushuka

Mabasi ya mikoani na ya nchi jirani hufikia Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichoanza kutumika mwaka 2021. Kutoka hapo tulipanda daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Kinondoni, tulikopanga chumba katika gesti moja karibu na kituo cha Mkwajuni. Mwalimu wa istilahi atafurahi kujua kwamba mradi huu, uliozinduliwa mwaka 2016, rasmi huitwa Mabasi Yaendayo Haraka. Katika siku zote tulizokaa pale hatukumsikia abiria hata mmoja akilitaja jina hilo. Wote husema mwendokasi. Istilahi imetungwa mezani, lakini jina limetoka kituoni. Daladala nayo, kwa maelezo yanayotolewa na wengi, ilipata jina lake kwa "dala", yaani sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli zamani.

Siku ya pili, jioni, tulikuwa tukirudi Kinondoni kwa daladala iliyojaa. Tulikuwa tumesimama, kichwa kimeinama kwa ajili ya dari, na mdomoni tumeitayarisha sentensi ya kijitabu: "Tafadhali, naomba kushuka katika kituo kinachofuata." Konda akagonga bati na kuita: "Mkwajuni wapo?" Tulinyamaza. Kwa masikio yetu ya darasani, konda alikuwa akiuliza habari za watu wengine, wale walioko Mkwajuni. Hakuna aliyejibu. Konda akasema, "Twende!" na gari likapita. Ndipo tulipoitoa sentensi yetu, nzima, pamoja na "tafadhali" yake. Haikusikika. Mama mmoja aliyeketi karibu nasi akapaza sauti: "Konda, mwenzio alikuwa anashuka!" Tulishushwa mbele, upande wa Magomeni, tukarudi kwa miguu.

Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja: "Wapo!" Abiria mmoja hujitaja kwa nafsi ya tatu, tena kwa wingi. Anasema "wapo" akimaanisha "mimi". Tangu siku hiyo tulilisikia kila safari, na kila tulipolisikia tuliona haya kidogo, kwani tumefundisha viambishi vya nafsi kwa miaka zaidi ya kumi bila kujua matumizi haya. Hapa Kampala abiria akitaka kushuka husema kwa Kiganda "maaso awo", yaani hapo mbele. Kila mji una neno lake la kushukia, na neno hilo halimo katika vitabu kwa sababu waandishi wa vitabu hushushwa mlangoni.

Tukiwa tunarudi kwa miguu tulikuta kijiwe cha kahawa. Wazee wanne walikuwa wakicheza drafti. Tuliamkia: "Shikamooni wazee." "Marahaba. Karibu kahawa." Tulipowasimulia kilichotupata walicheka, kisha mmoja akatufundisha jambo jingine: jioni, ukitaka siti, usingoje gari kituoni, lipande likiwa linakwenda mwisho wa njia, ulipie, ugeuze nalo. "Kugeuza na gari" ndiyo kauli yenyewe. Ni kauli fupi, lakini imebeba uchumi wa mji mzima: nauli mbili kwa ajili ya kukaa, muda wa ziada, uchovu wa mtu aliyesimama tangu asubuhi. Hakuna kamusi tuliyoizoea darasani inayomweleza mwanafunzi hayo.

Neno na jina

Kosa letu la asubuhi ya siku ile ile lilikuwa kubwa zaidi, na linafundisha zaidi. Tulikusudia kwenda Makumbusho ya Taifa, ambayo yako katikati ya jiji katika mtaa uliopewa jina la Shaaban Robert. Mwalimu wa Kiswahili atakosaje kupita mtaa huo? Tulifika kituoni na kumwambia mpiga debe kwa kujiamini: "Naenda Makumbusho." Akatusukumia ndani ya daladala kwa upole. Gari likapita Morocco, likaendelea upande wa Mwenge, likaishia katika stendi kubwa yenye makelele, wauza maji na wauza matunda. Tukamuuliza dada mmoja aliyekuwa akiuza juisi: "Samahani, Makumbusho yako wapi?" Akatutazama kwa huruma. "Anko, hapa ndiyo Makumbusho."

Alisema kweli. Stendi hiyo huitwa Makumbusho kwa sababu jirani yake pana Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania. Tulikuwa tumelijua neno, hatukulijua jina. Tuliingia kijijini humo, tukatembea kati ya nyumba za udongo na za nyasi, wala hatukujuta. Mtaa wa Shaaban Robert tuliufikia keshokutwa yake, baada ya kujifunza kusema "Posta".

Na "Posta" nayo ni somo. Mtu akisema "naenda Posta" mjini Dar es Salaam, hana barua mkononi. Anakwenda katikati ya jiji. Tazama majina mengine ya vituo na mitaa: Mkwajuni, Mikocheni, Mwembechai, Mnazi Mmoja. Hapo pana mikwaju, mikoche, mwembe na mnazi, ingawa miti yenyewe pengine imekatwa zamani. Pana kiambishi -ni cha mahali kilichoganda ndani ya jina, hata hatuwezi tena kukiondoa. Pana Mtoni kwa Azizi Ally, ambapo "kwa" ya mahali pa mtu imebaki na kuwa kituo. Mwalimu anayefundisha ngeli ya mahali kwa mfano wa "mezani" na "kitandani" ana hazina yote hii, naye ameiacha barabarani. Mwenye gari huyaona majina haya kama vibao. Asiye na gari lazima ayaite kwa sauti, la sivyo hafiki.

Naomba

Tunakuja sasa kwenye jambo lililotuuma zaidi. Siku ya kwanza, kwa kiu, tulisimama kwenye genge na kusema: "Nipe maji." Muuzaji akatupa bila neno, akapokea pesa bila neno. Nyuma yetu alikuwapo mtoto wa miaka saba au minane. Akasema: "Shikamoo. Naomba maji madogo." Muuzaji akatabasamu: "Marahaba, mwanangu." Hatukukaripiwa na mtu. Lakini tulielewa kwamba mtoto yule alikuwa amefaulu mtihani ambao mhadhiri ameanguka.

Tuliisikia "naomba" hiyo kila mahali tangu hapo: naomba chenji, naomba kupita, naomba kuuliza, naomba unishushe. Anayelipa pesa yake mwenyewe bado anaomba. Kwa msemaji wa Dar es Salaam huo si unyenyekevu wa maskini. Ni njia ya kumwambia mwenzio kwamba unamwona kuwa ni mtu.

Kwa wenzetu wa pwani hili ni jambo dogo. Kwetu Uganda si dogo hata kidogo. Sote tunajua Kiswahili kiliingia masikioni mwa wazazi wetu kwa njia gani. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na katika miaka ile watu wengi walikisikia kutoka kwa mtu aliyeshika bunduki: simama, lala chini, toa. Mpaka leo wako wazazi wanaomuuliza mwanafunzi wetu kwa nini anasoma lugha ya askari na wezi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mema. Lakini tukiwapelekea watoto hao Kiswahili cha Bwana Mukasa, "chukua, leta, simama, ningoje", tutakuwa tumewathibitishia babu zao kwamba walikuwa na haki ya kukiogopa. Tutakuwa tumebadilisha bunduki kwa gari tu. Amri zimebaki zile zile.

Peke yako

Lilibaki suala la kuwa mmoja. Krismasi ilitukuta hapo hapo gesti. Wageni wengine walikuwa wameondoka, wengi wao kwenda mikoani kwao, na barabara zilikuwa na nafasi. Dada wa mapokezi alituuliza: "Anko, mbona hujaenda kwenu?" Tukajibu: "Nipo peke yangu, nimekuja kupumzika." Akasema: "Pole." Baadaye akatuletea sahani ya pilau kutoka nyumbani kwao.

Tuliifikiria sana "pole" ile. Kusema "nipo peke yangu" kwa Kiswahili ni kama kusema umepatwa na jambo. Upweke huombewa pole. Fasihi yetu inaonyesha mwelekeo huo. Katika Shida ya Ndyanao Balisidya (1975) vijana wanaokimbilia mjini hukutana na dhiki. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) Maimuna anatoka nyumbani alikofungiwa, na mji unammeza. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996) kijana anatoka Tanga hadi Kenya, lakini anamtafuta baba yake; safari ina sababu ya ukoo. Anayekwenda mji wa watu peke yake, bila kutafuta kazi wala ndugu, kwa kupumzika tu, hana nafasi kubwa katika riwaya tunazozifundisha.

Hata hivyo, Kiswahili kina waandishi wa safari tangu zamani. Amur bin Nasur alifundisha Kiswahili Berlin kati ya mwaka 1891 na 1895 na akaacha habari zake. Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yakachapishwa katika mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli. Hawa hawakuwa wenye msafara wala wenye chombo. Tunadhani hiyo ni sababu mojawapo ya wao kutazama mambo kwa makini: asiyeshika usukani ana macho ya kutazama. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wetu anaweza kuhitimu bila kuyasikia majina yao, ilhali Bwana Mukasa anamjua kwa moyo.

Pingamizi

Tulipomweleza mwenzetu mmoja mawazo haya, alitujibu kwamba kazi ya chuo kikuu ni kufundisha Kiswahili sanifu, si lugha ya makonda. Pingamizi lake lina uzito. Hatupendekezi kwamba "buku" na "jero" viingie katika mtihani. Mwanafunzi ambaye hajaimudu sentensi kamili hawezi kuikata vizuri, na misimu ya leo huenda ikasahauliwa kabla kijitabu hakijachapishwa.

Lakini tutazame tena. "Wapo" ni Kiswahili sanifu. "Naomba unishushe" ni Kiswahili sanifu, tena chenye dhamira tegemezi iliyo sahihi. "Mwenzio alikuwa anashuka" haina kosa. Mama yule wa kwenye daladala alisema sanifu kuliko sisi, kwa sababu sentensi yake ilifanya kazi iliyokusudiwa. Hatuombi usanifu upunguzwe. Tunaomba usanifu huo utolewe garini.

Mapendekezo

Tunapendekeza mambo manne kwa ajili ya toleo jipya la kijitabu.

Kwanza, dereva wa Bwana Mukasa apewe likizo. Somo lianzie stendi, mgeni akiwa peke yake na asijue aendako.

Pili, "naomba" ifundishwe kabla ya amri. Mwanafunzi aanze na "naomba kuuliza", "naomba kupita", "naomba unielekeze". Amri zije baadaye, pamoja na maelezo ya nani anaweza kumwamuru nani.

Tatu, liwepo zoezi la kusikiliza lenye kelele. Mwalimu aite majina ya vituo haraka, wenzake wakizungumza, na mwanafunzi aitikie "wapo" kwa wakati. Akichelewa, gari limepita. Tumelijaribu muhula huu na wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyetazama saa.

Nne, kila mwanafunzi apewe siku moja ya kuwa mgeni bila mwenyeji na bila gari. Si lazima iwe Dar es Salaam. Busia na Mutukula si mbali, na mipakani huko Kiswahili kinauza na kununua tangu asubuhi. Aende, aulize, apotee, arudi aandike ukurasa mmoja.

Hitimisho

Siku ya mwisho tulipanda daladala tena, tukasimama mahali pale pale, kichwa kimeinama. Konda akagonga bati. "Mkwajuni wapo?" Tukajibu: "Wapo!" Gari likasimama. Hakuna aliyegeuka kututazama, na hiyo ndiyo alama kubwa kuliko zote tulizowahi kupata katika somo la Kiswahili. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu alikuwa na haki. Kupanda ni rahisi, kwa maana mpiga debe atakusukuma. Kushuka ni lazima useme mwenyewe, na ni wajibu wetu walimu kumwandaa mwanafunzi aweze kusema.